Kiangazi Kimefika Katikati

Saa kumi na moja alfajiri tunakuwa tumeshaingia shambani. Msimu huu ndiyo saa pekee ambayo tango lina ubaridi ukilishika. Likishapigwa na jua la saa nne, unalichuma na joto lake, na mboga iliyoingia kwenye tenga na joto haifiki kesho, inaanza kulegea siku hiyo hiyo. Kwa hiyo tunachuma gizagiza, maneno machache. Baba yuko kwenye maharage mabichi, mama kwenye nyanya, mimi na mdogo wangu kwenye matango na maboga machanga.

Maboga hayana subira. Ukiliruka moja kwa siku mbili tatu, unalikuta limelala chini ya majani, nene kama mkono wa mtu mzima. Tena mmea uliobeba boga la namna hiyo unapunguza kuzaa, maana umeshapata mbegu ulizokuwa ukizitafuta. Ndiyo maana hatupumziki hata tukichoka: tukiacha kuchuma, shamba nalo linaacha kuzaa.

Kukipambazuka huwa naiba dakika chache za kuangalia maua ya boga. Yanafunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri yameshajikunja. Ua jike unalijua kwa kiboga kidogo kilicho chini yake. Dume limesimama juu ya kikonyo chembamba. Leo nimemkuta nyuki ndani ya ua dume, amejaa chavua hadi miguuni, anapepesuka. Akaruka, akatua kwenye jike la pili kutoka pale nilipochuchumaa. Nimefurahi sana, mpaka mdogo wangu akaniita mara mbili nisimsikie.

Lakini kinachonikaa moyoni msimu huu ni nyanya. Mwezi uliopita zamu ya kumwagilia ilikuwa yangu. Magugu yalikuwa yamenizidi, nikawa napalilia mchana kutwa (jua la mchana ndilo zuri kwa palizi, gugu likigeuzwa mizizi juu halioni jioni), na nyanya nikaziacha siku nne bila maji. Siku ya tano nikaona aibu, nikafungulia mpira usiku kucha ili nifidie. Baada ya wiki kama mbili mama akachuma nyanya nzuri, nyekundu juu, akaigeuza. Kitako kilikuwa cheusi, kimebonyea, kama ngozi kavu. Akageuza nyingine, na nyingine. Mstari mzima.

Mwanzoni nilidhani ni ugonjwa, nikataka kutafuta dawa. Mama akanieleza polepole. Nyanya inahitaji kalsiamu ili ijenge ganda na nyama yake, na kalsiamu husafiri ndani ya maji tu. Maji yakikatika, majani ndiyo yanayovuta kile kidogo kilichopo kwa sababu ndiyo yanayopumua maji mengi juani. Tunda linakosa, na ncha yake ya mwisho ndiyo inayokosa kuliko yote. Udongo wetu unaweza kuwa na kalsiamu tele na kitako kikaoza vilevile. Wala maji mengi ya siku moja hayarudishi yale ya siku nne.

Hakunigombeza. Alichomeka kidole kwenye tuta mpaka kiungo cha pili, akakitoa, akanionyesha: juu pakavu, chini unyevu. "Uliza hapa kwanza, mwanangu." Tangu siku hiyo kila jioni nachomeka kidole kabla ya kugusa mpira. Tumetandaza nyasi kavu kwenye matuta yote, matunda yaliyoharibika nimeyachuma mimi mwenyewe, moja moja, ili mmea usiendelee kuyalisha. Vichala vipya vinakuja na vitako safi. Nimevigeuza vyote kuhakikisha.

Jambo gumu la katikati ya kiangazi ni kwamba huku unachuma, huku unapanda. Anayengoja baridi ndipo apande karoti amechelewa. Tulisia siku nane zilizopita, jua lilipokuwa linazama. Mbegu ya karoti ni ndogo, inakaa karibu na uso wa udongo, na uso ukikauka hata mchana mmoja wakati inachipua, imekwisha. Tukalowesha magunia tukafunika tuta. Kila jioni tunayalowesha tena na kuchungulia, maana yakicheleweshwa kuondolewa miche inanyong'onyea gizani.

Leo nimeinua pembe ya gunia, sikuona kitu. Nikapiga magoti, nikainamisha kichwa mpaka shavu likakaribia udongo, mwanga wa jua ukija kwa upande. Ndipo nikaviona: nyuzi za kijani, mbili mbili, nyembamba kuliko sindano, mstari mzima mpaka mwisho wa tuta. Nikamwita mama. Alikuja na ndoo bado mkononi, akachuchumaa kando yangu, tukayafunua magunia pamoja.