Siku moja maishani mwangu: glasi tatu na tochi ya simu

Saa 11 alfajiri. Mtoto anakohoa, ameandikiwa dawa ya maji. Usiku kucha unga wake umelala chini ya chupa na juu kumebaki maji ya rangi ya waridi. Natikisa mpaka mkono unauma. "Mama, inatosha!" Haitoshi. Ukimimina bila kutikisa, vijiko vya mwanzo ni maji matamu tu, na vya mwisho vimezidi kipimo. Mada ya leo ya Kidato cha Pili ni michanganyiko, kumbe imenianzia jikoni.

Saa 1 asubuhi. Bagamoyo imelowa mvua. Namsimamisha bodaboda karibu na mtaro nichote maji ya matope kwenye chupa. "Madam, haya nayo ni ya kufundishia?" Amenizoea.

Saa 3 na nusu. Mezani kuna glasi tatu: maji ya chumvi ya mawe, maji yenye matone machache ya maziwa, na maji ya mtaroni. Vitabu vyetu ni vya Kiingereza, kwa hiyo kuelewana tunaelewana kwa Kiswahili. Nauliza ipi ni mmumunyo, yaani ipi kitu kimeyeyuka kabisa ndani ya maji. Kijana mmoja wa nyuma anasema maziwa, kwa sababu "hayatui chini kama matope". Nusu ya darasa inamuunga mkono.

Jibu hilo nalipenda, kwani kakosea kwa akili. Tunaziba dirisha kwa kanga, nawasha tochi ya simu. Ndani ya maziwa mwale unaonekana wote, kama jua linavyopita kwenye vumbi la chumbani. Vitone vya mafuta na protini ni vidogo kiasi cha kutotua haraka, lakini si vidogo kiasi cha kuuacha mwanga upite bila kuugusa. Hiyo ni koloidi, jina alilolitoa mwanakemia Thomas Graham mwaka 1861. Kwenye mmumunyo halisi chumvi imeachana ikawa ioni, chembe ndogo mno zenye chaji, na mwanga hauna cha kugonga.

Nahamishia tochi kwenye glasi ya chumvi kwa mbwembwe. Mwale huo! Darasa linaangua kicheko: "Madam, na hii ni maziwa!"

Nilijisahau. Chumvi ya mawe huja na udongo wake kutoka shambani. Karatasi za kuchujia zimeisha, najaribu kitambaa kilichokunjwa mara nne. Udongo mwembamba unapita humo kama haukioni. Kengele inagongwa. Naacha glasi dirishani, naondoka na aibu yangu.

Saa 5. Chai, maandazi, madaftari ya kusahihisha.

Saa 8 mchana. Wanafunzi wanne wananiita maabara. Glasi ya chumvi imetakata, udongo umetulia chini, na tochi haioneshi mwale wowote wa maana. Maji ya mtaroni bado ni kama chai ya maziwa. Msichana mmoja anapinga: huenda udongo wa chumvi na wa mtaroni si wa aina moja. Ana haki. Basi tunagawa maji ya mtaroni kwenye glasi mbili, moja tunaikoroga na kijiko cha chumvi, nyingine tunaikoroga tupu.

Saa 9. Yenye chumvi imeanza kufanya mabonge madogo yanayoshuka. Nyingine iko vilevile. Chembe za udongo zina chaji hasi, zinasukumana, ndiyo maana zinaelea. Ioni za chumvi zinaufifisha msukumo huo, chembe zikigusana zinashikana na kuwa nzito. Mwalimu wa Jiografia, aliyepita kutafuta chaki, anachungulia: "Si ndivyo matope ya Ruvu yanavyotua yakikutana na bahari?" Ndivyo, ingawa na mto wenyewe hupunguza mwendo pale. Nimefundisha mada hii miaka kadhaa sijawahi kuiunganisha na mto ulio jirani yetu.

Yule wa maziwa anauliza: tukiweka sukari badala ya chumvi, udongo utatua? Jibu ninalo. Namwambia kesho aje na sukari, vijiko viwili vinatosha.

Saa 12 jioni. Nyumbani, samaki wa nazi. Nageuka kidogo kumsikiliza mtoto, moto ukazidi, tui likakatika. Mafuta upande wake, maji upande wake. Tumekula hivyo hivyo.

Saa 3 usiku. Dawa ya mwisho. Safari hii mtoto ameitaka chupa aitikise mwenyewe.