Asali iliyoganda na somo la ujasiriamali

Mwaka wa pili, chuo chetu cha biashara hapa Kampala kinakutaka ufanye biashara kwelikweli. Watu watano, muhula mmoja, mtaji wenu wenyewe, na mwisho mnapeleka vitabu vya hesabu kwa mhadhiri. Waliotutangulia wote walikuwa na ushauri mmoja: uzeni rolex, ile chapati inayokunjwa na mayai ndani, haina hasara. Haina hasara! Nje ya geti la hosteli yetu kuna vijana wanne wa rolex, na mmoja amekaa pale tangu mimi niko shule ya msingi. Tungemshinda kwa lipi?

Mimi mtoto wa Arua, nikasema asali. Mama anawajua wafugaji wa nyuki kule kwetu. Nikampigia simu, akanitafutia kilo 20, laki mbili na ushee, dumu likapanda basi la usiku. Huku sisi tumeshanunua chupa 40 za nusu lita kule soko la Kikuubo, na lebo tumebandika, maana kilo 20 si ndiyo lita 20? Wanafunzi watano wa biashara, hakuna hata mmoja aliyejiuliza. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4. Zilijaa chupa 28, ya 29 ikapata ya kulamba. Mweka hazina wetu alikaa nusu saa ameshika dumu juu chini, akiamini nyingine imenasa ndani.

Wiki ya kwanza tuliuza chupa tisa, tukatembea kifua mbele. Kisha mvua zikaanza, baridi ikaingia, na asali ikaganda. Nyeupe, chengachenga. Mama wa kantini akarudi na chupa yake, akaipindua mbele ya foleni nzima ya chakula cha mchana, haikutoka hata tone. "Ssebo, mmenitilia sukari!" Tukamrudishia pesa yake.

Kiongozi wetu, ambaye anajua kila kitu, akasema dawa ni kuichemsha. Tukawasha sigiri nyuma ya hosteli, tukamimina asali ya chupa tatu ndani ya sufuria. Ilianza vizuri, ikanukia. Halafu ikafanya povu, ikapanda, ikawa nyeusi kama oili chafu ya gari, moshi ukaingia vyumba vya ghorofa ya kwanza. Matroni akatoka mbio: "Nani anapika pombe ya waragi hapa?" Ilichukua siku mbili kuikwangua ile sufuria, na haikuwa yetu.

Usiku nikampigia mama, sauti imeshaishiwa. "Mama, asali imeharibika." Alicheka kwanza, nikamsubiri amalize. "Mwanangu, asali kuganda ni kawaida yake. Iweke kwenye maji ya uvuguvugu, ifunge, uwe na subira."

Maji yawe ya kiasi ambacho mkono unavumilia, yakipoa unabadilisha. Ni ile glukosi inayojitenga na maji na kuwa chembe, joto dogo linairudisha. Inaanza kuachia pembeni, unaona ukanda wa rangi ya dhahabu unazunguka kile kipande cheupe mpaka kinaelea katikati kama barafu.

Hapo ndipo nikapata akili. Kuanzia siku ile nilikuwa natoka na beseni, chupa ya chai yenye maji ya moto na chupa moja iliyoganda makusudi. Naiweka pale getini, watu wanauliza, naendelea kupiga soga, asali inayeyuka mbele ya macho yao. Sikumwambia mtu kwamba kuganda ni uthibitisho wa usafi, nilimwacha ajionee. Hata mama wa kantini alinunua mbili.

Tulipeleka vitabu vinavyoonyesha faida ya elfu 80 hivi. Mhadhiri akafunua kurasa mbili tu. "Nauli za boda ziko wapi? Na makato ya kutoa pesa kwenye simu?" Kweli, mbali na ada ya kampuni, serikali nayo inakata asilimia 0.5 ya kila unachotoa. Tukakokotoa upya pale pale mbele yake, ikabaki elfu 20 na kitu kwa watu watano, yaani rolex moja na soda kila mtu.

Alama tulipata nzuri, alisema ukurasa wa sufuria ndio ulimfurahisha. Chupa tupu bado ziko chini ya kitanda changu. Anayezitaka aje achukue bure, ila boda ajilipie.