Jumbe, bila M

Mtoto wa kaka yangu yuko kidato cha pili. Likizo ya Juni alikuja kunisalimia hapa Tanga, akala, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Shangazi, hivi sisi kwa nini tunaitwa Jumbe? Darasani wananiita Ujumbe Mfupi."

Nilimwelewa papo hapo. Nina miaka 59 na jina hili. Nimesoma na akina Juma, Ally na Mbwana wasiohesabika, lakini Jumbe mwenzangu asiye wa ukoo wetu nimekutana naye mara mbili tu katika miaka yote ya kazi ya uuguzi. Watu wakilisikia wanadhani nimemeza herufi. Ofisi moja ya kuandikisha watu iliniandika "Mjumbe". Kuiondoa hiyo M kulinichukua miezi saba, barua mbili na hati ya kiapo, na karani alipoona nimekasirika aliniuliza kwa upole, "Mama, si ni kitu kimoja?"

Si kitu kimoja. Mjumbe hutumwa. Hubeba maneno ya mwenzake au huenda kwenye mkutano kwa niaba ya wengine, na watu wa umri wangu tulimjua zaidi kama mjumbe wa nyumba kumi. Jumbe, ambaye wakiwa wengi ni majumbe, alikuwa mkubwa wa mji. Katika miji ya Mrima, yaani Pangani, Saadani, Bagamoyo na mingine ya pwani ile, majumbe ndio waliokuwa wenye mji kabla Mjerumani hajafika. Walikata kesi, na walipokea ada na hongo, yaani malipo ya njia, za misafara iliyoshuka kutoka bara na pembe za ndovu. Sultani wa Zanzibar aliweka liwali wake Pangani, lakini liwali asiyesikilizana na majumbe hakuwa na mji wa kutawala.

Wala cheo hicho hakikuja kwa kuzaliwa tu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo ambaye maandishi yake kuhusu desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, ameeleza habari za majumbe kwa kirefu. Mtu aliyetaka ujumbe alilisha mji, akawapa ada wenzake waliomtangulia, ndipo akavikwa kilemba. Kwa hiyo ujumbe, kabla haujawa maneno ya kwenye simu, ulikuwa cheo kilicholiwa karamu mbele ya watu.

Mtoto alipenda sehemu hiyo. Nikamwongezea nyingine, kwa sababu jina hili limesafiri kuliko sisi wenye nalo. Miaka ya 1840 mfanyabiashara wa pwani, Salim bin Abdallah, alifika Nkhotakota kando ya Ziwa Nyasa na kujiwekea utawala kwa biashara ya pembe na watumwa. Akajiita Jumbe, na waliomfuata wakajiita hivyo hivyo, majumbe wanne mmoja baada ya mwingine, mpaka Waingereza walipomwondoa wa mwisho katika miaka ya 1890. Hadi leo Jumbe ni jina la ukoo Malawi. Friday Jumbe aliwahi kuwa waziri wa fedha kule. Zanzibar alikuwapo Aboud Jumbe, mwalimu aliyesoma Makerere, aliyekuwa rais wa Zanzibar tangu 1972 hadi alipojiuzulu 1984. Jina lake kamili ni Aboud Jumbe Mwinyi, nalo linaonyesha jambo ambalo wengi hawalijui: kwa desturi yetu ya kutaja jina lako, la baba na la babu, Jumbe liliweza kuwa jina la mtu kabla halijawa la ukoo. Cheo kikawa jina la mtoto, jina la mtoto likasogea nyuma kizazi kwa kizazi, kisha rejesta za shule zikaligandisha pale zilipolikuta.

Ila anayenigusa mimi zaidi ni wa Komoro. Kisiwa cha Mwali kilitawaliwa na mwanamke, Jumbe Fatima, aliyerithi kiti akiwa mtoto mdogo mwaka 1842 baada ya kifo cha baba yake Ramanetaka, mtu wa Madagascar. Wafaransa huandika Djoumbé. Kule Jumbe lilikuwa jina la heshima la mabinti wa kifalme. Nilipolijua hilo nilikuwa nimeshapita miaka arobaini, na nakumbuka nilisimama jikoni nikalitamka jina langu kwa sauti, kama la mtu mwingine.

Ningeweza kuishia hapo na mtoto angerudi shule kifua mbele. Lakini babu wa baba yangu hakuvikwa kilemba na mtu yeyote, na mimi nalijua hilo tangu mwaka juzi.

Nilikwenda Pangani kumwona shangazi yangu, dada yake baba, ambaye sasa anaona kwa shida lakini hajasahau kitu. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, umekuja na jina lako lote au wamekupunguzia?" Habari za ile M alishazisikia. Nikamwomba anieleze majumbe wetu wa Pangani, nikitarajia misafara na karamu. Akanyamaza muda mrefu, akiyavuta mashikio ya kikapu alichokuwa anashona kwa kupapasa.

"Sisi si wale," akasema. "Sisi ni wa Mjerumani."

Hapa lazima niseme kilichotokea katikati. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipokuja kujitwalia pwani, majumbe wa Pangani walikuwa miongoni mwa walioikataa, na vita vilivyofuata tunavikumbuka kwa jina la Bushiri bin Salim, aliyenyongwa hapo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mjerumani aliposhinda hakulitupa neno jumbe. Alilichukua, akalipa kazi nyingine. Juu akaweka maakida, wasimamizi wa vijiji kadhaa kila mmoja, na chini yao katika kila kijiji akamweka mtu aliyeitwa jumbe, hata bara ambako neno lenyewe lilikuwa geni. Mwaka 1898 ilipoanza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini, jumbe ndiye aliyepita mlango kwa mlango. Baadaye ndiye aliyesimamia mashamba ya pamba ya lazima kule kusini. Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba, Maji Maji ikaanza, na maakida na majumbe walikuwa wa mwanzo kushambuliwa. Mjumbe hauawi, walisema wahenga. Majumbe waliuawa.

Wetu hakuuawa, Pangani haikuingia vita ile. Shangazi alisimuliwa na baba yake, ambaye alikuwa mtoto na alifuatana naye vijijini ng'ambo ya mto. Mzee huyo aliandika nyumba kwa herufi za Kiarabu katika daftari, kwa sababu ndizo alizosoma chuo cha Kurani. Asiyekuwa na rupia alitoa mbuzi. Asiyekuwa na mbuzi alipelekwa bomani, na kutoka bomani kazini. Watu hawakumwita kwa jina alilopewa na mama yake. Mbele ya uso wake walimwita Jumbe, na akigeuka walimwita Rupia Tatu.

"Nilipokuwa msichana," shangazi aliniambia, "bibi mmoja alikataa kuteka maji kisimani mpaka mimi niondoke. Mjukuu wa Rupia Tatu. Na babu alikuwa amekufa zamani." Kikapu kilikuwa kimetulia mapajani. Nilimshika mkono na hatukusema kitu kwa muda.

Nilirudi Tanga nikiwa sina hamu na ile hati ya kiapo. Niliwaza, basi waniandike Mjumbe, yaishe. Baada ya wiki mbili nikaendelea nayo. Kuiacha M ibaki kungekuwa kumficha mzee yule nyuma ya kosa la karani, na wale waliotoa mbuzi wangefichika pamoja naye.

Haya yote nilimwambia mtoto wa kaka yangu jioni ile, hata ya kisimani. Nilichelea nimemharibia jina. Alikaa akichora kitu mezani kwa kidole, chai yake ikapoa. Kisha akauliza, "Shangazi, na wale waliokosa rupia 3, wao majina yao yako wapi?"

Nikamwambia wapo. Bibi yake wa Pangani anazikumbuka nyumba tatu, na ukoo mmoja bado unaishi pale pale, mwendo mfupi kutoka gati ya kivuko upande wa Bweni. Desemba akifunga shule tutavuka. Ameniomba tusiende mikono mitupu, na mimi nimeanza kuulizia bei ya mbuzi.