Wapagazi waliopauka

"Baba, mbona huyu mmoja tu ndiye kajipaka mafuta?"

Mwanangu kawatoa tena kabatini. Kumi na mmoja wamepauka, mmoja anang'aa, na hakuna anayefika urefu wa kidole gumba changu. Nikamwambia arudishe. Hakurudisha.

Masika ya 2017. Rafiki aliyeko Uingereza aliniletea visanamu vya wapagazi, vya metali, vya milimita 28, wale wa Vita ya Kwanza: mzigo kichwani, miguu mitupu. Nikasema hawa ni wa Mzee, baba yangu. Babu yake alichukuliwa karia, yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza, haohao walioiachia Kariakoo jina, ambao maradhi yaliwamaliza kuliko risasi. Yeye alirudi. Zaidi ya hapo Mzee hana la kusimulia, au hataki.

Kuwapaka rangi kulinila wiki sita, tuliruke hilo. Kilichonitesa ni vanishi. Rangi ya akriliki juu ya metali haina ubishi, ukiishikashika kidogo tu, pua na pembe za mizigo zinaanza kumeta. Na Mzee ana wajukuu tisa. Nikaenda, wapi tena, Kariakoo. Muuza hadwea akanitolea ya fanicha: "Hii, kaka, meza unairithisha." Nikaijaribu chini ya kitako cha mmoja. Ngumu kweli, ila ina umanjano wa chai na inang'aa kama kitumbua. Mpagazi aliyetembea mpaka Rufiji ang'ae hivyo?

Basi nikachukua kopo la kupuliza aliloniachia rafiki yangu, vanishi isiyong'aa. Unga unaoua mng'ao hutuama chini, kwa hiyo kopo linatakiwa litikiswe dakika mbili nzima. Mimi nilitikisa labda nusu dakika. Basi la Morogoro lilikuwa alfajiri.

Mvua ilikuwa imekatika kama robo saa. Mabati bado yanadondosha, shuka ziko kambani tangu juzi na bado mbichi. Nikawapanga juu ya kipande cha boksi barazani, nikapuliza, mkono ukienda na kurudi. Walikuwa wazuri. Nilikumbuka hata kustahi kazi ya mkono wangu, mstari wa buluu kwenye blanketi la yule wa tatu, mwembamba kama uzi. Kisha begani kwake pakaanza weupe. Nikadhani ni mwanga. Weupe ukashuka mgongoni, polepole, kama pumzi kwenye kioo, ukameza ule mstari, ukahamia kwa jirani yake. Nikapuliza kwa mdomo, eti niufukuze. Nikaleta feni. Nikasimama na feni mkononi, waya haufiki, huku wote kumi na wawili wakigeuka majivu mbele yangu.

Niliwapeleka hivyohivyo. Mzee alivaa miwani, akamshika mmoja, akamzungusha.

"Wamepauka," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Mafuta wangeyapata wapi."

Akawapanga juu ya redio yake, na hadi anahamia kwa dada hakuna aliyeruhusiwa kuwagusa. Sikumwambia kuhusu unyevu ulioipausha vanishi. Mpaka leo sijui kama aliona alichokiona au alinihurumia tu. Mzee ana uwezo wa vyote viwili kwa pamoja.

Baadaye nilielekezwa kwamba ukungu ule mara nyingi huondoka ukipaka juu yake vanishi inayong'aa, siku kavu. Mwaka jana, walipokuja kwangu, nikamjaribia yule wa tatu. Brashi ilipopita, mstari wa buluu ukarudi kana kwamba haukuwahi kuondoka. Nikafunika kopo.

Mzee anakuja Jumamosi. Kopo liko dirishani, na wiki nzima hii mvua haijanyesha.