Maji ya moto

Nimeandika mara nyingi hapa kuhusu mguu wa binti yangu na skleroderma, ugonjwa unaomkakamaza ngozi, lakini jambo la leo limenikaa kooni tangu Jumatatu, na hata harusi ya mdogo wangu, iliyotushughulisha siku tatu usiku na mchana, haikuliteremsha.

Tulikuwa tumesimama kwenye kivuko cha Likoni tukitoka kliniki. Upepo ulipeperusha gauni lake na ule mstari ukaonekana wote, mweupe, unaong'aa kama nta ya mshumaa, ukishuka kutoka juu ya goti hadi karibu na kifundo. Bibi mmoja aliyebeba kikapu cha mchicha aliutazama, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mjukuu wangu huyu alimwagikiwa na nini?"

Nikajibu, "Maji ya moto, bibi."

"Poleni. Mungu atampa afya."

Nikamshukuru. Binti yangu hakusema neno mpaka tulipokwisha kukaa ndani ya matatu, ndipo aliponiuliza, "Mama, kwani ni maji ya moto?"

Nimelirudia jibu langu usiku hata usiku. Nilikuwa nimechoka, na nilijua kwamba nikitaja ugonjwa wa ngozi, huenda bibi yule angerudi nyuma hatua moja mbele ya mtoto, ilhali skleroderma hii ya sehemu moja ya mwili haiambukizi hata kidogo. Lakini mtoto aliyeungua ana mtu aliyemwacha karibu na sufuria. Kwa maneno matatu nilimpa binti yangu hadithi yenye mkosaji, baada ya daktari kunieleza kwa subira kwamba chanzo chake hakijulikani, kwamba kinga ya mwili huigeukia ngozi nayo ngozi ikajijaza kolajeni, zile nyuzi zinazoishikilia, kupita kiasi hadi ikakakamaa, na kwamba si chakula nilichokula nilipokuwa na mimba yake. Miezi mingapi nilijitafutia kosa! Nilipolikosa, nikalibuni mwenyewe, tena mbele yake.

Juzi ukumbini, wakati wanawake wakipambwa hina, nilimsikia binamu yake akimuuliza swali lile lile. Nilisimama nyuma ya pazia na sinia la visheti mkononi.

"Sikuungua," alisema. "Ngozi yangu inatengeneza nyuzi nyingi mno, ndiyo maana kila Ijumaa nameza dawa, na goti nalinyoosha asubuhi na jioni lisije likakaza, maana mguu huu unatakiwa urefuke sawa na mwenzake."

"Mbona mama yako alisema ni maji ya moto?"

"Alisahau."

Alinisitiri. Usiku ule, baada ya kumpa dawa yake ya wiki, methotreksati, nilimwambia kwamba sikusahau, kwamba niliogopa, na kwamba sitasema hivyo tena. Aliniomba nimtazame mguu. Nilipitisha kidole pembeni mwa mstari: ile rangi ya zambarau, ambayo daktari alituambia ndiyo dalili kwamba ugonjwa bado unatembea, imefifia sana, na karibu na goti ngozi ilikubali kufinywa, jambo ambalo mwezi wa Ramadhani halikuwezekana. Nilimfinya mara mbili, akacheka.

Sasa ni usiku wa manane na bomba halijatoa maji siku ya nne. Masufuria ya watu ya harusi yamejaa uani, hayajaoshwa, na wenyewe wanayataka kesho asubuhi.