Kukata ua kabla halijafunguka

Leo nimekata maua ya karatasi ya kukausha kwa ajili ya pambo, umande ulivyokauka tu nikaingia na mkasi, na moyo ukaniuma kama kila mara maana mengi hata hayajafunguka vizuri. Mi nayaita ya karatasi kwa sababu ukiyagusa yanachakarika yakiwa bado bustanini, asili yake ni Australia, na zile unazodhani ni petali kumbe ni vijani vikavu tu, maua yenyewe ni yale madogo madogo yaliyojazana katikati.

Msimu uliopita nilisubiri yachanue yote yapendeze ndo nikate. Nikayaning'iniza kichwa chini, baada ya wiki 2 naenda kuangalia nakuta yamejipindua nyuma, katikati pamekuwa kahawia na manyoya yanadondoka. Nililia kwa kweli, miezi yote ile ya kumwagilia. Sikujua kwamba hili ua linaendelea kufunguka hata likishakatwa, yaani unatakiwa ulikate safu mbili tatu za nje zikiwa wazi, zilizobaki litamalizia lenyewe huko gizani stoo ninakoyakaushia. Na shingo yake ni dhaifu, kwa hiyo waya mwembamba unaupitisha likiwa bichi, likikauka linaung'ang'ania.

Lakini usije ukafanya hivyo kwa kila ua! Statisi ukiiwahi inasinyaa, hiyo ngoja karibu viua vyake vyote vifunguke. Lavenda ni pale vitumba vichache vya kwanza vimefunguka. Nijela mi siifuati ua kabisa, naacha ua lianguke nangoja lile ganda la mbegu livimbe kama puto dogo lenye michirizi ya zambarau, hapo ndo nakata, sijaona kitu kizuri kama hicho kwenye chombo cha maua makavu.

Selosia ndo ilinifundisha kuhusu ukungu. Kile kichwa kama kilemba cha jogoo kinabeba maji mengi ndani, nami nikafunga ishirini pamoja, katikati yakaoza. Sasa nafunga matano au sita tu, majani nimeyatoa yote, na nafunga kwa mpira sio uzi kwa sababu mashina yanasinyaa yakikauka, uzi unalegea unakuta fungu lote liko chini, mpira unabana nayo. Stoo iwe na giza na hewa ipite, mwanga unakula rangi.

Rozimari na oregano nazo zipo humo, harufu yake ukifungua mlango acha tu. Majani ya mkaratusi siyaning'inizi, nayasimamisha kwenye glisirini kipimo kimoja na maji ya moto vipimo viwili, yanabaki laini hayavunjiki.

Usiku huu nimeingia na tochi kuchungulia yale niliyokata juzi, matatu yameshafunguka.