Shoti ya Elfu Sita

Msimu wa korosho wa 2018 ulinikuta Mtwara mjini, nimejibanza kwa mama mdogo pale Magomeni, nikiwa na cheti cha fomu foo, barua ya serikali ya mtaa na fulskepu sita zilizobaki. Kila fulskepu ilikuwa barua moja ya maombi. Nilitaka kazi ya kuuza duka, duka lolote.

Wenye maduka walinijibu kama waliokaa kikao: "Subiri msimu ufunguke." Hawakuwa wananikwepa. Mtwara hukopa kwa korosho na hulipa kwa korosho. Msimu uliotangulia bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo kwenye baadhi ya minada, na watu walishuka kutoka Newala na Tandahimba kununua pikipiki na bati kama wanaonunua mchicha. Kwa hiyo nilisubiri nikiwa na moyo mkunjufu kabisa.

Oktoba minada ikaanza, wakulima wakaigomea bei. Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua kwa 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kusomba mzigo. Siku ile nilifua blauzi yangu nyeupe, nikijua wiki ijayo nimo kaunta. Kumbe baada ya tangazo kulikuwa na uhakiki: kila mwenye korosho athibitishe shamba lake, ili kangomba wachujwe, wale wanaonunua korosho za mkulima kwa bakuli wakati ana njaa. Wapo waliolipwa mapema. Wengi mwaka mpya uliwakuta bado wanachungulia simu. Na mkulima asipolipwa, bati halitoki dukani. Bati lisipotoka, nani ataajiri binti wa kuliuza?

Desemba duka moja la nguo likanichukua "kwa majaribio", wiki mbili bila malipo. Nilikunja khanga mpaka vidole vikashika rangi. Siku ya mwisho nikaambiwa, "Tutakupigia." Wiki iliyofuata nikapita pale, namkuta binti mwingine anakunja khanga zile zile.

"Hao hawaajiri, mwanangu," mama mdogo alisema bila kuinua kichwa kwenye ungo wake. "Hao wanazungusha."

Nikabaki na duka moja tu, la vifaa vya ujenzi, karibu na sokoni. Mwenyewe alikuwa mzee wa maneno machache. Nilikwenda kila Jumatatu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Bado."

Basi. Mazungumzo yetu ya wiki nzima yaliishia hapo. Mwanzoni nikisikia "bado" nilikuwa naondoka zangu. Baadaye nikawa nakaa kwanza kwenye benchi lake, si kwa ujanja wowote, ni jua tu. Kutembea kurudi Magomeni saa sita mchana bila hata buku ya bodaboda ni adhabu. Nilikuwa nanunua ming'oko, ile mizizi ya porini, ya mia tano kwa mama wa pale nje, naibandua ganda taratibu kwa ukucha, nachovya kwenye chumvi na pilipili, na masikio yangu yanabaki dukani. Nikajua kwamba bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, ingawa nusu ya wateja waliamini kinyume chake na Mzee alichoka kubishana nao. Nikajua saruji ya nani inadaiwa. Nikajua mteja akisema "nakuja sasa hivi" harudi.

Jumatatu moja ya Januari wingu lilikuwa limetanda. Kijana wa mizigo alikuwa ametoka na guta kupeleka saruji. Adhana ya adhuhuri ikalia, Mzee akavaa kofia yake na kuniambia, "Niangalizie hapo." Hakuwahi kunipa sentensi ndefu kama hiyo.

Hakwenda mbali akaingia mkulima, simu mkononi, uso unang'aa. Hela imeingia. Anataka bati 20 geji 30 na misumari kilo nne.

"Baba, mwenye duka yuko msikitini, subiri kidogo."

"Binti, nimesubiri tangu Novemba."

Nilikosa la kumjibu mtu wa namna hiyo. Tukahesabu bati pamoja, mara mbili, tukilipigapiga kila moja kwa kiganja. Nikapima misumari kwenye mizani ya mawe, nikaongeza miwili mitatu juu kama nilivyozoea kumwona Mzee akifanya. Bati 18,000, misumari 3,000 kwa kilo: jumla 372,000. Noti zilikuwa mpya, zinashikana. Nikaziweka chini ya daftari na kulikalia daftari lenyewe.

Mzee aliporudi alizihesabu amesimama. Akaliangalia rundo la bati lilivyopungua, kisha debe la misumari.

"Umempimia ipi?"

"Hiyo yenye kofia, ya bati."

"Hiyo elfu nne na mia tano. Elfu tatu ni ya mbao."

Mwili ukaniishia nguvu. Kilo nne mara 1,500. Kwenye pochi nilikuwa na elfu mbili, na si zangu, zilikuwa za mama mdogo za mafuta ya taa. Nikazitoa hata hivyo. Mzee hakuzigusa. Alifungua daftari, akalowesha kidole, akaandika taratibu: shoti 6,000.

"Nitaikata mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi wa nani, Mzee?"

"Wako. Kesho saa moja na nusu uwe hapa, unaanza na kufagia."

Mshahara aliutaja nikiwa nimeshafika mlangoni: elfu themanini. Kwamba kima cha chini kwa kazi za biashara kilikuwa 115,000 tangu 2013, nilikuja kujua baadaye sana, na tulikizungumza mimi na yeye, kwa maneno mengi safari hiyo. Siku ile nilitoa sita kwenye themanini, nikabaki na sabini na nne, nikawa naigawa hela hiyo kichwani njia nzima mpaka Magomeni, mvua inaninyeshea.